Aparadha: kosa linaloua imani ya mja wa Krishna

Kwa wafuasi wa Chaitanya (1486–1534), mtakatifu wa Kihindu wa Bengal aliyehubiri ibada ya mungu Krishna, mtu akiacha ibada hawahangaiki sana na hoja zilizomshinda. Wanautazama kwanza ulimi wake. Imani, wanasema, huuawa na aparadha: kosa la kumkashifu Mungu, jina lake au waja wake. Makosa dhidi ya jina takatifu huhesabiwa 10, na la kwanza ni kuwasema vibaya waja.

Chaitanya anasimuliwa kumfundisha mwanafunzi wake Rupa Goswami hivi huko Prayag, mji mtakatifu wa India: bhakti, yaani ibada ya mapenzi, ni mmea utambaao. Mbegu yake hupatikana kwa rehema ya guru (mwalimu wa kiroho) na Krishna, maji yake ni kusikia na kuimba. Kumkosea mja ni tembo mwenye wazimu: akiingia bustanini huung'oa mmea, majani yakakauka. Tena kuna magugu, yaani tamaa ya faida, sifa na kutukuzwa, nayo hunywa maji yale yale. Hapo ndipo mafundisho haya yananigusa zaidi. Mtu anaweza kuamka alfajiri kila siku, akalitaja jina la Mungu kwa kuhesabu shanga zake 108 bila kuruka hata moja, kumbe anayanywesha magugu. Watu wanamsifu kwa ucha Mungu. Yeye mwenyewe jina halina ladha tena mdomoni. Mashaka huja baadaye, yakakuta mlango wazi.

Dawa yake ni kumwomba radhi uliyemkosea. Bhagavata Purana, kitabu kitakatifu cha waja hawa, inasimulia kuwa Durvasa, mtawa mwenye hasira, alimshambulia mfalme Ambarisha kwa sababu tu mfalme huyo alikunywa maji kufungua saumu kabla Durvasa, mgeni wake, hajarudi kutoka mtoni. Gurudumu, silaha ya mungu Vishnu ambaye Ambarisha alikuwa mja wake, likamfukuza Durvasa ulimwengu mzima. Mungu Brahma hakumsaidia, mungu Shiva hakumsaidia, na Vishnu mwenyewe akamwambia arudi kwa mfalme.

Ila fundisho hili hutumiwa vibaya. Aliyedhulumiwa na guru huambiwa anyamaze asije akatenda aparadha, na akivunjika moyo, lawama inabaki juu yake. Huo ni uonevu, na hauna hata msingi katika mapokeo yenyewe: Jiva Goswami, mtoto wa ndugu yake Rupa, alitumia maneno ya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, kuonyesha kwamba guru mwenye majivuno, asiyejua la kufanya na lisilofaa, aliyeiacha njia ya haki, huachwa.