Jedwali la miradi ya wadi: kosa dogo linaloihamisha Kisumu hadi Vihiga

Stakabadhi nyingi za bajeti za kaunti zetu hapa Kenya huwekwa mtandaoni kama picha. Karatasi hupigwa chapa, hutiwa sahihi na muhuri, huskaniwa, kisha hupandishwa kwenye tovuti. Mkaazi wa Kondele, Kisumu, anayetaka kujua taa za barabarani za wadi yake zimefikia wapi hana budi kupekua kurasa zote kwa macho, maana ndani ya picha huwezi kutafuta neno. Pima mwenyewe: fungua faili, ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likichagulika, mna maandishi. Lisipochagulika, hiyo ni picha.

Kifungu cha 166 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinaitaka hazina ya kaunti iunganishe ripoti za idara, iziwasilishe kwa bunge la kaunti na kuzichapisha ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo mwaka. Kwa hiyo tarakimu zipo, tena zilikuwa ndani ya kompyuta kabla ya kupigwa chapa. Ndiyo maana nasisitiza tuombe lile jedwali lenyewe la miradi lililo kwenye kompyuta, si karatasi iliyotokana nalo.

Kwa maafisa wanaoliandaa, kanuni kuu ni hii: mstari mmoja, mradi mmoja, robo mwaka moja. Vichwa vya safu vikae kwenye mstari wa kwanza pekee. Safu ninazoona ni za lazima ni nambari ya mradi, mwaka wa fedha, robo, kaunti ndogo, wadi, jina la mradi, fedha zilizotengwa, thamani ya kandarasi, fedha zilizolipwa kufikia sasa, hali ya kazi, latitudo na longitudo. Uti wa mgongo ni nambari ya mradi. Jina hubadilika: mwaka huu "Ukarabati wa zahanati", mwaka ujao "Ujenzi wa wodi ya kina mama, awamu ya pili". Bila nambari isiyobadilika, mradi uliovuka Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, bila kukamilika huonekana mpya, na unaweza kutengewa fedha mara ya pili pasipo mtu kugutuka.

Fedha ziandikwe kwa tarakimu tupu: 2500000. Ukiandika "KSh 2,500,000/=", Excel huichukulia seli hiyo kuwa maneno, na fomula ya kujumlisha, SUM, huiruka kimyakimya. Jumla itatoka pungufu na hutapata onyo lolote. Zile koma nazo, faili ikihifadhiwa vibaya kama CSV (maandishi matupu ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma), huigawa tarakimu hiyo moja katika safu tatu. Seli zilizounganishwa ziachwe kabisa. Jina la wadi likiandikwa mara moja juu ya miradi kumi, ukipanga jedwali upya miradi tisa hubaki bila wadi.

Excel pia hujitia kusaidia pasipohitajika. Nambari ya mradi 0047 huigeuza 47, na 3-4 huifanya tarehe. Kabla ya kuandika chochote, weka safu hiyo katika muundo wa maandishi, kwa sababu sufuri zikishapotea hazirudi. Tarehe ziandikwe 2024-03-04, kwani 04/03/2024 kompyuta moja huisoma Machi na nyingine Aprili.

Majina ya wadi yana kipimo chepesi. Kaunti ya Kisumu ina wadi 35, ya Nakuru 55. Toa orodha ya majina yasiyojirudia katika safu ya wadi. Ukipata 41 upande wa Kisumu, basi kuna majina kama "Nyalenda B", "Nyalenda-B" na "Nyalenda 'B'" yaliyohesabiwa wadi tatu.

Kwenye ramani ndipo makosa hujianika. Mji wa Kisumu uko karibu na latitudo -0.09 na longitudo 34.77. Ile alama ya kutoa ni ya lazima kwa sababu mji uko kusini mwa Ikweta. Ukiisahau, mradi wa Kisumu unaangukia Vihiga, kiasi cha kilomita 20 kaskazini. Ukizipindua namba mbili hizo, unaangukia Algeria! Kosa la Algeria kila mtu huliona. Lile la Vihiga ndilo la hatari, maana ramani bado inaonekana sawa.

Kama mna picha tu, skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), tumia programu ya kusoma maandishi kama Tesseract, kisha linganisha jumla za kila ukurasa na zilizochapwa. Programu hizi hukanganya 5 na S, 0 na O. Faili yenye maandishi halisi ni rahisi zaidi: programu ya Tabula hutoa jedwali moja kwa moja, ila haiwezi kitu mbele ya picha.

Uwazi huu hauhusu taarifa za watu binafsi. Orodha za basari zitolewe kwa idadi na jumla za wadi, bila majina ya wanafunzi wala nambari za vitambulisho, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda.

Mwananchi ambaye hajapewa jedwali ana Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, halitozwi ada, na hulazimiki kueleza sababu. Jibu linapaswa kuja ndani ya siku 21. Habari zikiwa nyingi, ofisi yaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Ukikataliwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Maombi mengi hukwama kwa kuandikwa kijumla, mfano "naomba taarifa za bajeti". Andika hivi: "Naomba jedwali la miradi yote ya wadi ya Kajulu, mwaka wa fedha 2023/24, robo ya kwanza hadi ya nne, likionyesha fedha zilizotengwa na zilizolipwa kwa kila mradi, katika faili ya Excel au CSV, si nakala iliyoskaniwa."