Biolojia ya DAT si ya kukariri tu, na dhana nyingine zinazonichosha

"Mwalimu, kemia ndiyo naiogopa. Biolojia ni ya kukariri tu, nitaimaliza wiki ya mwisho." Kauli hii nimeisikia mno, mpaka siku hizi naijibu kwa swali: seli ikikosa oksijeni, kwa nini mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua za kemikali ndani ya mitokondria unaochomoa nishati ya chakula, nao husimama, ilhali hakuna hatua yake hata moja inayotumia oksijeni? Hapo mtu huanza kupapasa. Na ni huyohuyo aliyetoka kunitajia hatua zote nane kwa mpangilio, kuanzia sitrati hadi oksaloasetati, bila kukwama.

Wanaoshikilia dhana hii hujitetea kwa saa. DAT, mtihani wa Marekani wa kuingia vyuo vya udaktari wa meno, una sehemu ya sayansi asilia yenye maswali 100 kwa dakika 90, na 40 kati ya hayo ni ya biolojia. Swali moja halifikishi hata dakika. Basi wanasema, muda wa kufikiri utoke wapi, si bora nikariri? Mimi nasema muda huo mfupi ndio unaomwumbua aliyekariri, kwa sababu kila swali linamlazimu kupekua orodha nzima kichwani. Aliyeelewa anashika uzi mmoja na majibu yanafuatana.

Tuurudie mfano wetu. Molekuli za NADH, ambazo ni wabebaji wa elektroni, hukabidhi elektroni zake kwa mnyororo wa protini ulio kwenye utando wa ndani wa mitokondria, na mwisho wa mnyororo oksijeni huzipokea, maji yakatokea. Ondoa oksijeni: elektroni zinakwama mnyororo mzima, NADH inakosa pa kutua mzigo, NAD⁺ (mbebaji yuleyule akiwa mtupu) inaisha. Mzunguko wa Krebs unahitaji NAD⁺ katika hatua tatu, kwa hiyo lazima usimame. Glikolisisi, yaani kuvunjwa kwa glukosi kuwa piruvati kabla ya mzunguko huo, nayo inaihitaji, na ndiyo sababu misuli iliyoishiwa oksijeni hugeuza piruvati kuwa laktati, ili NADH irudi kuwa NAD⁺. Utawasikia watu wakisema laktati hutengenezwa "ili kupata ATP", molekuli ya nishati ya seli. Hatua ile haitoi ATP hata moja! Zile ATP 2 za faida zilikwisha kupatikana kwenye glikolisisi.

Ukiwa na uzi huo, sianidi haikusumbui. Inakaba kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Damu ya aliyedhurika imejaa oksijeni, hata ile ya kwenye vena inaweza kuwa nyekundu kuliko kawaida, lakini seli haziwezi kuitumia. Je, sumu kama DNP (dinitrofenoli), inayovujisha kupitia utando zile protoni ambazo mnyororo huzisukuma ili ATP itengenezwe? Mnyororo unaendelea, tena kwa kasi, oksijeni inatumika zaidi, ATP inapungua na joto linapanda. Hayo ni maswali matatu, na hakuna jipya la kukariri.

Ushauri wangu ni uleule, na najua wengi wameuchoka: funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora mitokondria yenye tando zake mbili, onyesha protoni zinasukumwa kutoka wapi kwenda wapi. Kisha futa kitu kimoja, chochote, na ufuatilie kitakachoharibika mbele na nyuma yake. Kadi za kujiuliza zinafaa kwa majina ya homoni na tezi zake, hapa hazitoshi. Na kupigia kitabu kizima mstari wa njano ni kupaka rangi, si kusoma.

Kuhusu ugomvi wa ATP 36, 38 au 32 kwa glukosi moja: vitabu vya zamani vilihesabu 36 hadi 38, vya karibuni vinasema takriban 30 hadi 32, maana protoni nyingine huvuja na nyingine hutumika kusafirisha vitu. Msipoteze jioni nzima hapo.

Mimea nayo haipumui usiku tu. Ina mitokondria, na mitokondria hazilali mchana. Vilevile mzunguko wa Calvin, ambao mmea hutengenezea sukari, hauhitaji giza. Unategemea ATP na NADPH zinazotokana na mwanga, kwa hiyo kwa kawaida hufanyika mchana.

Wapo pia wanaosema ateri ni mshipa wa damu yenye oksijeni. Ateri hubeba damu kutoka moyoni. Neno oksijeni halimo kwenye maana hiyo, na ateri ya mapafu, inayobeba damu yenye oksijeni kidogo, ni shahidi.

Kwenye jenetiki, "aleli (toleo la jeni) tawala ndiyo iliyoenea" ni kosa linalowaangusha hata wenye alama nzuri. Utawala unahusu kinachoonekana pale aleli mbili tofauti zinapokutana, basi. Akondroplasia, aina ya ufupi wa kimo, hutokana na aleli tawala na ni nadra, wakati kundi la damu O, ambalo ni la aleli fiche, limeenea mno. Na bakteria "hawazoei" dawa. Wenye mabadiliko ya jeni yanayowakinga hubaki, wenzao wanakufa, waliobaki wanazaana.

La mwisho linanishangaza zaidi, kwa kuwa nalisikia kwa wanaotaka kuwa madaktari wa meno: kwamba jino ni mfupa. Mfupa una mishipa ya damu na seli hai, hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Enameli, ambayo takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, haina seli. Hutengenezwa na seli ziitwazo ameloblasti, zitokanazo na ektodamu (tabaka la nje la kiinitete), nazo hupotea jino linapochomoza, hivyo mwili hauwezi kuitengeneza upya. Mate huweza tu kurudishia madini pale uharibifu ulipo mwanzoni, kabla tundu halijatokea. Dentini ni habari nyingine: seli zake, odontoblasti, zenye asili ya kresti ya neva (kundi jingine la seli za kiinitete), hubaki hai kandokando ya kiini cha jino na kuendelea kuiongeza hata ukubwani.