Kazi ya Muda Ugenini: Usiache Kibali, Mshahara na Chumba Mkononi mwa Mtu Mmoja

Anayekwenda kufanya kazi ya miezi sita au mwaka katika mji wa nchi nyingine mara nyingi huahidiwa mambo ya kumtuliza roho: mwajiri atashughulikia kibali, atampokea uwanja wa ndege na atampa pa kulala. Ahadi hiyo si lazima iwe ya hila, na kwa wengi ndiyo njia pekee ya kuanzia. Lakini sisi tunaowashauri wafanyakazi wa aina hii tunaona matatizo makubwa yakichipuka hapohapo, pale kibali cha kuishi nchini, mshahara na ufunguo wa chumba vinaposhikwa na mtu mmoja. Siku mkikorofishana kazini, vyote vitatu vinakuponyoka kwa mpigo.

Kibali ndicho kigumu zaidi kukitenganisha, kwa kuwa sheria za nchi nyingi hukifungamanisha na mwajiri aliyetajwa. Uingereza, kwa mfano, mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ambaye ajira yake imekoma kwa kawaida huwa na siku 60 za kupata mwajiri mwingine aliyeidhinishwa kudhamini wageni, au afunge virago. Katika nchi za Ghuba, mfumo wa kafala, yaani wa mgeni kuishi nchini kwa udhamini wa mwajiri wake, umewabana wengi kwa namna hiyohiyo. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kuomba ridhaa ya mwajiri wa kwanza kabla ya kuhamia kwa mwingine. Basi kabla hujatia saini uliza: kibali hiki kinamtaja mwajiri gani, na kazi ikikatika nina siku ngapi? Liweke jibu kwa maandishi.

Pasipoti ibaki kwako. Wapo waajiri wanaoiomba kwa upole, eti waitunze kwenye kabati la ofisi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2011 kuhusu wafanyakazi wa majumbani unatamka wazi kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria na za utambulisho, na kwamba yuko huru kukubaliana na mwajiri kama ataishi nyumbani kwake au la. ILO pia hukuhesabu kushikiliwa kwa hati kuwa mojawapo ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa. Ikibidi pasipoti ipelekwe idara ya uhamiaji, mwajiri akuandikie stakabadhi yenye tarehe ya kukurudishia. Nakala zake, pamoja na za mkataba na viza, zitume kwenye barua pepe yako na kwa ndugu unayemwamini.

Sasa nyumba, ambako wageni wengi hupoteza fedha mapema kuliko walivyotarajia. Wiki za kwanza zina mzunguko unaochosha: benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka hati ya mshahara, mwajiri anataka akaunti ya benki. Anwani ndiyo inayoukata mzunguko huo, na baadhi ya nchi zina muda maalumu wa kuisajili. Ujerumani ni ndani ya wiki 2 tangu kuhamia, na mwenye nyumba analazimika kukupa uthibitisho wa maandishi. Uholanzi, kwa anayekusudia kukaa zaidi ya miezi 4, ni ndani ya siku 5 baada ya kuwasili. Kwa hiyo mtu anayekupangisha chumba huku akikukataza kukisajili anakufungia milango mingine yote, hata kama kodi yake ni nafuu.

Ushauri wangu ni kufikia mahali pa muda mfupi kwanza, hata kama gharama ya kila usiku iko juu kidogo, kisha utafute chumba ukiwa tayari mjini. Usitume amana kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu. Matapeli huwapenda watu walio mbali na wenye haraka, na kisingizio chao hakibadiliki sana: mwenye nyumba yuko safarini, ufunguo utatumwa ukishalipa.

Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla hujafungua mabegi, washa kamera ya simu na upite polepole. Rekodi ukuta wenye unyevu nyuma ya kabati, kigae kilichopasuka bafuni, alama ya moto kwenye meza, dirisha lisilofunga. Fungua jokofu. Soma namba za mita ya umeme na ya maji kwa sauti video ikiendelea, uzionyeshe na funguo ulizopewa. Kisha itume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili ibaki na tarehe. Kazi hiyo ya robo saa ndiyo itakayoiokoa amana yako utakapohama. Uliza pia sheria ya hapo inasemaje juu ya kiwango chake. Ujerumani, kwa mfano, amana haizidi kodi ya miezi 3 bila gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu.

Kama huna budi kulala kwenye nyumba ya mwajiri, omba karatasi ya makubaliano ya nyumba, tofauti na mkataba wa kazi. Itaje kiasi kitakachokatwa kwenye mshahara, mnalala wangapi chumba kimoja, na siku utakazoruhusiwa kubaki ajira ikikoma. Mwajiri mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

Kazini, andika kila jioni saa uliyoingia na uliyotoka, kwenye daftari lako mwenyewe, ulinganishe na hati ya mshahara kila inapotoka. Mshahara uingie kwenye akaunti yenye jina lako. Makato usiyoyaelewa yaulizie mwezi huohuo, kwani yakishazoeleka ni taabu kuyarudisha nyuma. Na jitahidi upate angalau marafiki wawili wasio wa kazini wala wa nyumba moja nawe, kwa sababu ndio utakaowakimbilia mambo yakiharibika usiku.

Mwisho wa mkataba, usiondoke kimyakimya. Futa usajili wa anwani pale sheria inapotaka, chukua barua ya utumishi na hati zote za mshahara, na usifunge akaunti ya benki kabla amana haijarudi. Ulizia pia michango ya pensheni uliyokatwa. Japani, kwa mfano, mgeni aliyechangia angalau miezi 6 na kuondoka bila kufikia sifa ya kupata pensheni anaweza kudai malipo ya mkupuo, lakini ni lazima awasilishe madai ndani ya miaka 2.