Pamba Haizai kwa Sababu ya Mbegu, au kwa Sababu ya Tarehe?

Malalamiko tunayopokea kutoka Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hufanana: mbegu imeota vizuri, mmea umerefuka, lakini vitumba (matunda ya pamba) ni vichache na vimechelewa kupasuka. Tukiuliza ilipandwa lini, tunaambiwa mwishoni mwa Aprili, mahindi yalipokwisha kupaliliwa. Basi hapo mbegu inasingiziwa.

Kanda yetu ya mashariki hupanda pamba Februari hadi Machi. Novemba ni kalenda ya wenzetu wa Simiyu na Mwanza. Pamba huanza kutoa maua takriban miezi miwili baada ya kuota, na kila kitumba huhitaji siku 45 hadi 60 tangu ua kufunguka mpaka kupasuka. Iliyopandwa mwanzoni mwa Machi huchanua Mei, udongo ukiwa bado na maji ya masika, na huvunwa kiangazi. Iliyopandwa mwisho wa Aprili huchanua masika yamekwisha: mmea hudondosha vitumba vichanga, vinavyobaki huwa vidogo, na baridi ya Juni na Julai huvichelewesha zaidi. Vitumba vya juu hukutwa na mvua za vuli, na pamba iliyopaswa kuwa safi inapimwa kama fifi, yaani daraja la chini. Funza wa vitumba waliozaliana kwenye mashamba ya mapema nao huhamia kwenye hayo yaliyochelewa. Kuwahi kupita kiasi pia ni hasara, kwani vitumba vya chini huozea kwenye mvua.

Aina inayokomaa mapema huumia kidogo kuliko inayochukua muda mrefu, lakini hakuna aina inayofidia kuchelewa mwezi mzima. Tafadhali msiagize mbegu aina ya UK91 kwa ndugu wa kanda ya ziwa. Ilizalishwa kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, kwa ajili ya huko, na ugonjwa wa mnyauko fuzari ulioko huko husafiri na mbegu. Za kwetu, IL74 na IL85, zimetoka kituo cha utafiti cha Ilonga, Kilosa.

Mwenye lalamiko atunze lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), risiti ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na tarehe ya kupanda iliyoandikwa, kisha aripoti kwa afisa ugani wa kata mimea ikiwa bado shambani. Bila lebo hatuwezi kufuatilia mbegu ilikotoka. Anayeuza mbegu isiyothibitishwa anavunja Sheria ya Mbegu ya 2003, na adhabu zake ni pamoja na faini na kifungo.

Baada ya kuvuna, ng'oa masalia yote na uyachome, hata kama vitumba vichache vya juu havijapasuka. Funza wa msimu ujao wamo humo.