Mizigo ya Kyaliwajjala au kiwanja cha Hoima?

Wateja wangu wa Bombo na Arua huuliza lilelile: wanunue mizigo, yaani vyumba vya kupangisha vilivyo safu moja, karibu na Kampala, au kiwanja mahali bei itakapopanda? Mimi ni mthamini wa mali, na kwanza huuliza pesa zimetoka wapi, mfukoni au benki.

Tuseme mizigo minane Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, kila mmoja shilingi 250,000 kwa mwezi. Ikijaa, mwaka ni 24,000,000. Ukimiliki kwa jina lako, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inakuachia 2,820,000 za mwanzo, kisha inakata asilimia 12 ya zilizobaki, uwe umekarabati paa au hukukarabati. Hapo 2,541,600 zimekwenda. Toa mlinzi, mafundi na miezi ya vyumba vitupu, unabaki na milioni 18 hivi. Kama ulinunua kwa milioni 200, ni asilimia 9. Kwa pesa zako mwenyewe, si haba. Kwa mkopo wa asilimia 18, riba peke yake ni milioni 36. Wapangaji wanalipa nusu, nusu inatoka mfukoni mwako. Na usitegemee kupandisha kodi ya pango upendavyo, sheria ya 2022 inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka.

Tena hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinalipa zaidi ya hiyo 9, bila mtu kukupigia simu usiku kuhusu bomba lililopasuka. Kwa hiyo anayenunua mizigo kwa bei hiyo anategemea ardhi ipande, ajue asijue.

Hoima nako watu wanaona mafuta, uwanja wa ndege wa Kabaale, bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga. Bei inaweza kupanda, sibishi. Ila ada ya shule hailipwi kwa bei iliyopanda, na ukiuza kwa haraka, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Afadhali ununue huko kwa pesa usizozihitaji miaka kumi.

Na ukinunua Buganda, uliza kama unauziwa hati ya mailo, yaani umiliki wa ardhi yenyewe, au kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mwenye hati. Udongo ni mmoja, wenyewe wawili, na kibanja hakipandi bei kama hati.

Mizigo nayo usiikague Jumapili na dalali. Nenda jioni ya siku ya kazi, hesabu milango yenye kufuli, kisha nunua chapati hapo getini. Muuza chapati anajua chumba gani kina miezi mitatu hakijapata mtu, na mara nyingi sababu ni maji yanayoingia mvua ikinyesha.