Gharama ya Ugonjwa: Jinsi Wachumi wa Afya Wanavyoupima Uchovu Sugu

Katika uchumi wa afya, gharama ya ugonjwa ni jumla ya rasilimali ambazo ugonjwa fulani hutumia au huipotezea jamii kwa kipindi maalumu, aghalabu mwaka mmoja. Sehemu yake ya kwanza ni gharama za moja kwa moja, yaani fedha zinazolipiwa daktari, vipimo, dawa, kitanda cha hospitali na nauli ya kufika huko. Ya pili ni gharama zisizo za moja kwa moja: mshahara aliokosa mgonjwa, kazi za nyumbani zilizolala, na saa ambazo mume, mama au binti hutumia kumhudumia bila malipo. Katika ugonjwa wa uchovu sugu, ambao kwa kifupi huandikwa ME/CFS, sehemu hii ya pili ndiyo hubeba mzigo mkubwa zaidi, na mtafiti anayeiacha nje ya hesabu huwapa wapangaji wa bajeti picha ya ugonjwa mdogo kuliko ulivyo.

Sababu imo katika tabia ya ugonjwa wenyewe. Hakuna kipimo cha maabara kinachouthibitisha, wala dawa inayouponya. Dalili yake kuu ni kwamba mgonjwa akijitumikisha kupita uwezo wake, hata kwa kuoga tu au kuzungumza na wageni kwa muda mrefu, hali yake huzorota, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 48, na huweza kubaki hivyo kwa siku au wiki kadhaa. Kwa kuwa tiba ya kumpa ni haba, daftari la hospitali huonyesha matumizi madogo. Lakini mtu huyo haendi kazini, na kuna mwingine aliyepunguza shughuli zake ili ampikie na kumsaidia kufika bafuni.

Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2003 uliwachunguza watu wenye uchovu wa muda mrefu waliokuwa wakihudumiwa na madaktari wa ngazi ya msingi. Wastani wa gharama kwa mtu mmoja ulikuwa pauni 1,906 kwa miezi mitatu, na huduma rasmi za afya na ustawi zilichukua asilimia 9.3 tu ya kiasi hicho. Kilichobaki kilitokana na ajira zilizopotea na ulezi wa jamaa na marafiki. Mwaka uliofuata watafiti wa Marekani, wakitumia takwimu za wakazi wa Wichita, Kansas, walikadiria kwamba nchi hiyo hupoteza dola bilioni 9.1 za uzalishaji kila mwaka, sawa na takriban dola 20,000 kwa kila mgonjwa, bila kuhesabu gharama za matibabu. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipotoa ripoti yake mwaka 2015 ilitaja dola bilioni 17 hadi 24, safari hii matibabu yakiwa ndani ya hesabu.

Tarakimu hizi hutegemea sana namna muda wa mtu unavyotiwa thamani. Mbinu ya mtaji wa binadamu huhesabu mapato yote ambayo mgonjwa angeyapata kama angeendelea kufanya kazi, hata kama ni hadi umri wa kustaafu. Mbinu ya pili huhesabu hasara ya kipindi kifupi tu, mpaka mwajiri atakapompata mtu wa kuijaza nafasi iliyoachwa wazi, kwa hoja kwamba tangu hapo uzalishaji wa taifa umerudi mahali pake. Kwa aliyevunjika mguu mbinu hizi mbili hazitofautiani sana. Kwa mwalimu aliyeugua akiwa na miaka 30, na ambaye huenda asirudi darasani kamwe, ya kwanza itaandika miongo mitatu ya mshahara na ya pili miezi michache. Naiona hii ya pili haifai kusimama peke yake katika ugonjwa wa aina hii, kwa sababu humfuta mgonjwa katika hesabu siku ile mwingine anapokaa kwenye kiti chake. Ulezi wa nyumbani nao una utata wake: saa ya mama anayemlea mwanawe inaweza kulinganishwa na malipo ya mlezi wa kuajiriwa, au na kima cha chini cha mshahara, au ikaachwa bila thamani yoyote.

Mbali na fedha, wachumi hupima pia ubora wa maisha. Dodoso linalotumika sana ni EQ-5D, lenye maswali matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Majibu hugeuzwa kuwa alama moja, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni hali inayolinganishwa na kifo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulipata wastani wa 0.47 kwa wagonjwa wa ME/CFS, wakati wastani wa wananchi kwa jumla ulikuwa 0.85. Alama hiyo ya 0.47 ilikuwa ya chini kuliko za magonjwa yote mengine yaliyolinganishwa nao. Inafaa kuangaliwa kwamba miongoni mwa maswali hayo matano hakuna hata moja linalouliza kuhusu uchovu. Tena dodoso huuliza hali ya mtu siku ya leo, ilhali mgonjwa aliyejikaza kwenda kliniki kulijaza hulipia safari hiyo kesho au keshokutwa, wakati karatasi imeshakusanywa.

Alama hizo zikizidishwa kwa muda ambao mtu anaishi katika hali hiyo, hupatikana kipimo kinachoitwa mwaka wa maisha uliorekebishwa kwa ubora. Nchini Uingereza, NICE, taasisi inayoshauri tiba zipi zigharimiwe na huduma ya afya ya umma, kwa muda mrefu ilichukulia kuwa tiba ina thamani ya kutosha ikiwa mwaka mmoja wa namna hiyo unapatikana kwa pauni 20,000 hadi 30,000. Jaribio la PACE la Uingereza, lililowagawa wagonjwa 641 wa uchovu sugu katika makundi ili kulinganisha tiba mbalimbali, lilichapisha tathmini yake ya kiuchumi mwaka 2012, na kwa kipimo hicho tiba ya kubadili fikra na mienendo, pamoja na mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, zilionekana kustahili fedha za umma. Lakini tathmini hiyohiyo haikuonyesha tofauti ya wazi kati ya makundi katika ajira zilizopotea. Alama za dodoso zilipanda, watu hawakurudi kazini. Jaribio hilo lilipingwa vikali, hasa kwa sababu vigezo vya kupona vilibadilishwa baada ya kazi kuanza, na mwaka 2021 mwongozo mpya wa NICE uliacha kupendekeza mazoezi ya aina hiyo.

Linabaki suala la nani ahesabiwe. Vigezo vya Marekani vya mwaka 1994 hudai uchovu wa angalau miezi sita pamoja na dalili nne kati ya nane. Kuzorota baada ya kujitumikisha ni mojawapo ya hizo nane, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabiwa hata akiwa hana dalili hiyo. Vigezo vya Kanada vya mwaka 2003 huifanya kuwa sharti. Watafiti wawili wanaotumia vigezo hivyo tofauti katika mji mmoja watapata idadi tofauti za wagonjwa, na gharama tofauti kwa kila mgonjwa. Isitoshe, ripoti ya Marekani ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa kati ya asilimia 84 na 91 ya wagonjwa hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huu. Hao hawamo katika mafaili ya kliniki wala ya bima, na gharama zao hujulikana pale tu watafiti wanapowatafuta na kuwauliza wakazi wenyewe, kama ilivyofanyika Wichita kwa kuwapigia simu.