Patisheni si ukuta, na kugawa si kufomati

Juzi kijana kaniletea laptopu: "Bro, nifomatie diski, niweke Fedora pembeni ya Ubuntu." Zote mbili ni Linux, yaani mifumo ya kuendeshea kompyuta. Ni mtu wa tatu mwezi huu. Ningemtii neno kwa neno, Ubuntu yake na picha zote zingekwenda na maji.

Patisheni ni kipande cha diski chenye mwanzo na mwisho wake, na mfumo hukitumia kama diski inayojitegemea. Ukitaka Linux mbili, kila moja ipe kipande chake. Basi.

Wa kulaumiwa, nadhani, ni mafundi wa maofisi. Mtaani patisheni ni ile plaiwudi au aluminiamu inayokata chumba, yaani kiambaza. Ukipiga patisheni moja unapata vyumba viwili. Kwenye diski, ukiwa na patisheni moja una chumba kimoja tu! Asili ya neno ni Kilatini, partitio, tendo la kugawa. Waingereza wakaliita hivyo lile fungu na ule ukuta pia, nasi tukapokea yote mawili pamoja na mkanganyiko wake, ilhali kiambaza tulikuwa nacho na fungu tulikuwa nalo.

Ndani ya diski hakuna ukuta wowote. Kuna jedwali dogo tu linalosema fungu hili linaanzia hapa, linaishia pale. Lile la zamani, MBR, lina baiti 64: nafasi nne za baiti 16 kila moja, ndiyo maana wazee wa kazi walikwama kwenye patisheni kuu nne. Jedwali jipya, GPT, kwa kawaida huja na nafasi 128.

Kugawa ni kuandika kwenye jedwali hilo. Kufomati ni kuweka mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga faili, tuseme ext4 au Btrfs, ndani ya fungu ambalo limeshakatwa. Mmoja ni mpima viwanja, mwingine ni mwashi, na mwashi huyu huanza kwa kubomoa alichokikuta.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku nyingine sema: "Nipunguzie fungu la Ubuntu, unikatie GB 60 za Fedora." Nitawasha mashine kwa flashi, maana fungu la ext4 halipunguzwi likiwa linatumika. Nawe ukifika kwenye mstari wa /boot/efi, fungu dogo la kuwashia mifumo, wakati wa kusakinisha, usiweke tiki ya kufomati. Hilo fungu mifumo yote miwili inachangia.